Kuchagua Darasa la Mtoto Aliyechelewa



Wewe ulijifunza kusoma ukiwa mtu mzima. Unakumbuka shida ya kupata barua na kumtafuta mtu wa kukusomea. Akiisoma, siri yako ameijua. Leo unasoma mwenyewe. Lakini je, nyumbani kwako yupo mtoto asiyejua kusoma?

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo watoto kama hao wapo. Mmoja anachunga ng'ombe wa baba yake. Mwingine analea wadogo zake wakati mama yuko shambani. Mwingine nyumba yao iko mbali na shule, na njia inapita porini. Mwingine alifiwa na wazazi, akalelewa na bibi yake. Mkoa wetu wa Kagera unajua habari za yatima. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983. Baada ya hapo mabibi wengi walibaki na wajukuu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikia miaka 7. Lakini mtoto aliyekosa nafasi hiyo, na sasa ana miaka 12, tumfanyeje? Ukimpeleka darasa la kwanza atakaa na watoto wadogo. Ataona haya. Pengine atatoroka. Ukimwacha nyumbani, atakua bila kusoma.

Mtoto huyu anahitaji darasa lake.

Mpango wa MEMKWA

MEMKWA maana yake ni Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa. Mpango huu ulianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya tano. Wilaya hizo ni Kisarawe, Masasi, Songea Vijijini, Musoma Vijijini na Ngara. Kwa hiyo watu wa Ngara walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuona. Baadaye mpango ulienea nchini, katika wilaya nyingine kama Biharamulo.

Madarasa haya ni madogo. Mara nyingi yako katika shule ya msingi ya kijiji. Saa za masomo ni chache kuliko saa za shule ya kawaida, ili mtoto apate nafasi ya kusaidia nyumbani.

Wanafunzi wamegawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni watoto wadogo, hadi miaka 13. Hawa husoma kwa muda mfupi, kisha hufanya mtihani wa darasa la nne. Anayefaulu huingia darasa la tano katika shule ya kawaida. Kundi la pili ni vijana wa miaka 14 hadi 18. Hawa huandaliwa kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Mtoto hujifunza nini?

Mtoto ana kichwa, ana mikono, na ana moyo. Elimu nzuri hulea vyote vitatu. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili mwaka 1967 alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha yake katika jamii, si kwa mtihani peke yake.

Masomo ya MEMKWA yalipangwa kwa nia hiyo. Mtoto hujifunza kusoma, kuandika na kuzungumza kwa Kiswahili na Kiingereza. Hujifunza hisabati, ili asipunjwe anapouza maharage au kahawa. Hujifunza maarifa, yaani mambo ya afya, maji, ardhi na nchi yake. Hujifunza stadi za kazi, kama vile bustani, ushonaji au useremala. Tena hujifunza haiba, yaani tabia na utu. Katika somo hili mtoto hujifunza kujiheshimu, kusema mbele ya wenzake, na kukataa jambo baya.

Mfano wa baba na mama

Tuchukue mfano. Baba mmoja ana mtoto wa miaka 12 anayechunga ng'ombe. Mama anataka mtoto aende MEMKWA. Baba anakataa.

Baba anasema, "Darasa hilo ni la walioshindwa. Mwanangu atachekwa. Tena ng'ombe atawachunga nani?"

Mama anajibu, "Baba watoto, hatujaliona. Twende tukalitazame kwanza."

Wanakwenda. Wanawakuta watoto wako bustanini na majembe. Baba anakasirika. "Shikamoo mzee," mwalimu anamsalimu.

"Marahaba, mwalimu. Jembe liko nyumbani kwangu. Mtoto aje hapa kulima?"

Mwalimu anampa daftari la mwanafunzi mmoja. Ndani yake mna vipimo vya tuta, urefu na upana. Mna hesabu ya mbegu na bei ya mboga. Mna maelezo ya jinsi ya kutengeneza mboji. Kazi ya mwanafunzi imesahihishwa kwa wino mwekundu.

Baba anatazama kwa muda. Kisha anauliza swali moja. "Mwalimu, akitoka hapa anakwenda wapi?"

"Akifaulu, anakwenda darasa la tano pamoja na wenzake," mwalimu anajibu.

Jioni ile baba anakwenda kwa jirani yake. Wanapatana kuchunga kwa zamu, na mtoto anapata nafasi ya kusoma.

Mambo matano ya kutazama

Baba huyu alifanya vizuri kwenda kuona na kuuliza. Nawe fanya hivyo. Usichague darasa kwa kusikia tu. Tazama mambo haya:

1. Mwalimu. Je, anafika kila siku? Madarasa mengi ya MEMKWA hutegemea wawezeshaji, yaani watu wa kijijini waliofunzwa kufundisha. Mahali pengi wawezeshaji wamelalamika kwamba posho yao inachelewa au haifiki. Mwezeshaji akikata tamaa, darasa hufa. Uliza katika mkutano wa kijiji jambo hili linashughulikiwaje.

2. Idadi ya watoto. Faida ya darasa dogo ni kwamba mwalimu anamjua kila mtoto. Muulize habari za mtoto mmoja. Kama hajui anasumbuliwa na nini katika masomo, udogo wa darasa haujamsaidia mtoto huyo.

3. Kazi ya mikono. Je, ni somo au ni kibarua? Mtoto anayelima shamba la mwalimu kutwa hajifunzi stadi za kazi. Anatumiwa. Fungua daftari uone ameandika nini juu ya kazi aliyoifanya.

4. Malezi. Je, watoto wanauliza maswali bila hofu? Je, wasichana wana choo chao chenye mlango? Mtoto aliyechelewa ana aibu tayari. Akitukanwa au kupigwa, atarudi kuchunga.

5. Njia ya kuendelea. Je, jina la mtoto limeandikwa katika daftari la mahudhurio? Je, ataandikishwa kufanya mtihani? Muulize mwalimu mkuu. Bila mtihani, mtoto hataingia darasa la tano.

Pengine utasikia habari za shule ndogo ya mtu binafsi inayosema inalea mtoto kwa ukamilifu. Itazame kwa mambo haya haya. Uliza pia kama imesajiliwa na Serikali. Omba ada na michango yote iandikwe kwenye karatasi. Sasa unajua kusoma. Soma kwanza, ndipo utie sahihi.

Mambo ya kukumbuka

MEMKWA si mahali pa kumpeleka mtoto mwenye umri wa kuanza shule. Huyo mwandikishe shule ya kawaida. Ada ya shule za msingi za Serikali iliondolewa, na mwaka 2016 Serikali ilianza mpango wa elimu bila malipo.

Tena, msichana aliyeacha shule kwa sababu ya kujifungua asikate tamaa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wa namna hiyo wanaweza kurudi shuleni. Mzazi wake aende kwa mwalimu mkuu au kwa Afisa Elimu wa Kata.

Kumbuka umri pia. Mtoto wa miaka 13 leo, mwakani atakuwa na miaka 14. Atakuwa amelipita kundi la kwanza, ambalo ndilo linaloelekea darasa la tano. Ukisema "tungoje tuvune kwanza," pengine utakuwa umemchelewesha mara ya pili.

Wazee walisema, "Kawia ufike." Wewe ulikawia, lakini umefika. Mtoto wako naye amekawia. Mshike mkono mwende pamoja mkalitazame darasa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika kitongoji chenu kuna watoto wangapi wasiosoma? Ni sababu gani zinazowazuia?
2. Kwa nini baba katika mfano alikasirika alipoona majembe? Ni kitu gani kilichobadili mawazo yake?
3. Kijiji chenu kinaweza kumsaidiaje mwezeshaji ili asiache darasa?
4. Andika maswali matatu utakayomuuliza mwalimu siku utakapokwenda kulitazama darasa.