DENI DOGO, BEI KUBWA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo niliyaona kwa macho yangu, si mbali na hapa Milimani.

Mama mdogo wangu huuza samaki ufuoni Dunga. Alikopa shilingi 3,000 kwa simu, simu ikapotea, akabadilisha laini na deni akalisahau. Baadaye alihitaji shilingi 30,000 za kununua friza ili samaki wasimwozee. Benki aliyoiendea ilimjibu kavu kavu: "Mama, uko CRB." Basi akakimbilia shailoki wa mtaani, anayetoza shilingi 20 kwa kila 100 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu alilipa riba ya 6,000 kila mwezi, jumla 18,000, na bado zile 30,000 zilimngoja! Benki inayotoza asilimia 14 kwa mwaka isingemdai riba zaidi ya 4,200 kwa mwaka mzima.

Je, CRB ni nini? Ni mashirika yanayotunza kumbukumbu za wakopaji, kwa idhini ya Benki Kuu ya Kenya. Yapo matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hukusanya habari za nani alikopa, nani alilipa na nani alichelewa, kisha humpa kila mtu alama kama sisi katika mtihani. Alama za Metropol huanzia 200 hadi 900. Ukiwa juu, unaaminika.

Sasa, alama zinahusianaje na riba? Mkopeshaji huogopa hasara. Akiona dalili kwamba huenda usilipe, huongeza bei ili kujikinga, au hukunyima kabisa. Tuseme wewe na mwenzako mnakopa shilingi 50,000 kwa mwaka mmoja, na kulipa zote mwishoni. Yeye mwenye alama nzuri anatozwa asilimia 14, wewe asilimia 20. Yeye atalipa riba ya 7,000, wewe 10,000. Pesa ni zile zile, bei ni tofauti.

Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019, sheria ilizizuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mtadhani wanyonge walinufaika. La! Benki hazikuweza kuwaongezea riba wale zilizowaogopa, hivyo wengi wao walinyimwa mikopo. Kikomo hicho kiliondolewa.

Wenzangu, jambo hili si la wazee pekee. Tukimaliza shule tutapata vitambulisho na laini zetu, na simu itatuita tukope. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Inaonekana kidogo, lakini ukikopa hivyo kila mwezi, kwa mwaka ni asilimia 90! Tena kumbukumbu ya deni lililokushinda hukaa miaka 5 hata baada ya kulilipa.

Kwa hivyo, usimwazime mtu laini wala kitambulisho chako akope kwa jina lako. Ukibadilisha laini, maliza deni kwanza. Aidha, kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka. Iombe, na ukiona kosa, lalamika lisahihishwe.

Mama mdogo alishalipa zile 3,000. Siku hizi akisikia mtu akisema, "Ni kaelfu kamoja tu," yeye hucheka, lakini si kwa furaha. Dawa ya deni ni kulipa, tena mapema.