Kihisi cha Glukosi Kisichotumia Kimeng'enya: Dhana na Istilahi Yake

Makala haya yanafafanua dhana ya kupima glukosi bila kimeng'enya, na kuchunguza iwapo istilahi hiyo inamfikishia msomaji wa Kiswahili maana iliyokusudiwa.

Tangu Leland Clark na Champ Lyons walipoeleza elektrodi ya kimeng'enya mwaka 1962, vihisi vingi vya glukosi vimetegemea vimeng'enya, hasa oksidasi ya glukosi. Kimeng'enya hiki huitambua glukosi miongoni mwa vitu vingi vilivyomo katika damu na kuioksidisha, na badiliko hilo hupimwa kwa umeme. Hata hivyo, kimeng'enya ni protini; joto na unyevunyevu hukidhoofisha, na stripu iliyohifadhiwa vibaya yaweza kutoa jibu lisilo sahihi.

Oksidi za metali, kama vile za nikeli na shaba, hufuata njia nyingine. Katika myeyusho wa alkali, umeme huipandisha nikeli iliyo juu ya elektrodi kutoka hali ya oksidisho ya 2 hadi ya 3. Nikeli hiyo huchukua elektroni kutoka kwa glukosi na kurejea hali yake ya awali, kisha mzunguko huanza upya. Glukosi ikizidi, mkondo wa umeme nao huongezeka. Chembe za nano, zenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100, hupanua eneo ambamo tendo hilo hufanyika.

Istilahi yenyewe ina kasoro mbili. Kwanza, "kimeng'enya" kinatokana na kitenzi "meng'enya", kinachohusu uyeyushaji wa chakula tumboni, ilhali ndani ya stripu hakuna kinachomeng'enywa. Pili, "bila" hutaja kilichoondolewa, si kinachotenda kazi. Hivyo muuguzi au mgonjwa wa kisukari aweza kudhani kwamba ni stripu ileile iliyoboreshwa. Kumbe oksidi nyingi hufanya kazi vizuri katika alkali kali, yenye pH ya takribani 13, wakati damu ina pH ya takribani 7.4. Aidha, vitamini C, asidi ya yuriki na sukari nyingine zaweza kuathiri kipimo.

Neno "kichocheo" nalo halitatui tatizo, kwa kuwa katika maandishi ya afya hutumiwa pia kwa homoni, ikiwamo insulini. Tunapendekeza "kihisi-oksidi cha glukosi", na fasili yake itaje sharti la alkali. Istilahi ya afya isiyodokeza mipaka ya kifaa humwachia mgonjwa kuigundua mwenyewe.