Uchanganuzi wa Variansi katika Utafiti wa Kiswahili: Mfano wa Masisi na Walikale

Katika teritwari za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, Kiswahili ni lugha ya soko, ya barabara na ya madarasa ya chini, ilhali nyumbani husemwa Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na lugha nyinginezo. Mtafiti anayetaka kujua iwapo lugha ya kwanza huathiri ufahamu wa Kiswahili sanifu hukabiliwa na swali la kitakwimu: wastani wa makundi matatu ulinganishwe vipi?

Wengi hulinganisha makundi mawili mawili. Njia hiyo ina kasoro. Kila jaribio la kiwango cha asilimia 5 lina hatari yake ya kuona tofauti isiyokuwapo, na majaribio matatu, yakichukuliwa kuwa huru, huipandisha hatari hiyo hadi karibu asilimia 14. Uchanganuzi wa variansi, uliokuzwa na R. A. Fisher katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na kuenezwa na kitabu chake cha mwaka 1925, huyapima makundi yote kwa pamoja.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba wanafunzi watatu wa kundi A wamepata alama 10, 12 na 14. Wa B 13, 15 na 17. Wa C 16, 18 na 20. (Makundi hayakupewa majina ya lugha, na kwa makusudi.) Wastani wa kila kundi ni 12, 15 na 18, na wa jumla ni 15. Jumla ya miraba baina ya makundi ni 54. Ikigawanywa kwa digrii 2 za uhuru hutoa 27. Ndani ya makundi jumla ni 24. Kwa digrii 6 hutoa 4. Uwiano F ni 6.75, nao unapita 5.14 ya jedwali. Basi ni vigumu kushikilia kwamba wastani ni mmoja. Ni kundi lipi linatofautiana na lipi, F haisemi; hilo huachiwa majaribio ya baadaye, kama la Tukey.

Ugumu mkubwa umo nje ya hesabu. Wanafunzi 40 wa darasa moja wana mwalimu mmoja. Kuwahesabu kuwa 40 walio huru ni kuipa F nguvu isiyo yake. Tena, mapigano yaliyoanza Ntoto, Walikale, Machi 1993, yakaenea hadi Masisi, na vita vya miaka iliyofuata, yamewahamisha watu wengi na kuvuruga masomo. Iwapo kundi moja limekosa shule kuliko jingine, F kubwa yaweza kupima miaka ya masomo iliyopotea, wala si lugha ya mama. Kuitangaza kuwa tofauti ya kabila, mahali ambapo watu wameuawa kwa kabila lao, si kosa dogo la tafsiri. Ndiyo maana muda wa masomo na idadi ya kuhama huingizwa katika mpango wa utafiti kabla ya jaribio kutolewa, na shule moja yenye watoto wa lugha zote tatu hufaa kuliko shule tatu za lugha moja moja, kwa kuwa humo mwalimu na darasa ni vilevile kwa wote.