Mdudu wa Gogo na Mdudu wa Bwawa

Mvua za Novemba zikianza Lubumbashi, taa za nje hujaa wadudu. Wawili huchanganywa sana: mbawakawa mwenye vipapasio virefu anayetoboa miti, na mdudu mpana wa kahawia anayeruka kutoka majini, kama pande za Ziwa Tshombe. Wote huanguka sakafuni kwa kishindo, na wengi huwaita mende tu. Kumbe hawana undugu wa karibu.

Tazama mgongo. Mbawa za juu za mbawakawa ni ngumu zote, nazo hukutana katikati kwa mstari ulionyooka. Za mwenzake ni ngumu nusu. Ncha zake ni utando, na hulaliana. Mdomo ndio unaotofautisha zaidi. Mbawakawa hutafuna kwa taya. Huyu wa majini ni jamaa ya kunguni: ana mrija mfupi mkali, uliokunjwa chini ya kichwa. Humnasa kiluwiluwi au samaki mdogo kwa miguu ya mbele, humchoma, humtia mate yanayoyeyusha nyama, kisha humfyonza. Mara nyingi wakati huo ncha ya mkia huwa juu ya maji ikivuta hewa.

Nyama ina protini tele, kwa hiyo tunutu wa mdudu wa majini hujivua ngozi mara 5 na kukomaa katika muda wa wiki chache tu. Mti ni chakula kikavu, chenye nitrojeni kidogo mno. Buu la mbawakawa hutafuna gizani miezi mingi, mara nyingi mwaka au zaidi, kisha hulala kama pupa kabla ya kuota mbawa. Huko Uingereza mbawakawa mmoja wa jamii nyingine alitoka kwenye mbao za ngazi baada ya zaidi ya miaka 40!

Ndiyo maana kitanda kipya cha mti wa miombo huweza kumwaga unga nyumbani: buu bado limo ndani likitafuna. Jike hutaga kwenye nyufa za ganda, hivyo gogo linalokaa na ganda lake baada ya kukatwa ni mwaliko. Libanduliwe mapema. Tundu unaloliona kwenye ubao ni mlango wa kutokea; kazi ilikwisha zamani.

Wa majini mimi simuui. Katika ukoo wake wamo wanaokula konokono, na baadhi ya konokono ndio wanaobeba kichocho. Ila akikuangukia barazani, mwondoe kwa kipande cha karatasi. Vidole vitajuta.