Maonyesho ya Mitambo ya Kupoza na Kupasha Joto: Namna ya Kuyachagua na Kunufaika Nayo



Vyama vyetu vya mafundi wa majokofu na viyoyozi, pamoja na vyama vya wafugaji na wavuvi vinavyoitegemea mitambo hiyo, hualikwa mara kwa mara kwenye maonyesho ya biashara. Mialiko mingine hutoka hapa nyumbani na mingine hutoka ng'ambo. Kila mwaliko husifu maonyesho yake kuwa ndiyo makubwa, na hudokeza kwamba asiyehudhuria atabaki nyuma. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo chama kisichotoka kwenda kuona hakiwezi kujua chema ni kipi.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi chama kinavyoweza kuchagua maonyesho yanayokifaa, na jinsi mjumbe wake anavyopaswa kuyahudhuria. Shina la maelezo yote ni moja: maonyesho huchaguliwa kwa kufuata kazi iliyo mbele ya chama, wala si kwa ukubwa wa jina, na mjumbe hutumwa kwenda kuuliza, wala hatumwi kwenda kununua.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Biashara ya kupoza imo katika mageuzi makubwa, na chanzo chake ni gesi inayozunguka ndani ya mitambo. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, mataifa yalikubaliana kuziondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. R-22, ambayo mafundi wetu wengi wamejifunzia kazi, ni mojawapo. Kwa nchi zinazoendelea, kiasi cha gesi za kundi hilo kinachoruhusiwa kilipunguzwa kwa asilimia 67.5 kuanzia mwaka 2025, na kitapunguzwa kwa asilimia 97.5 ifikapo mwaka 2030.

Gesi zilizochukua nafasi yake, kama R-134a, R-404A na R-410A, haziharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Kilo moja ya R-410A ikivuja, katika muda wa miaka 100 huleta joto sawa na kilo 2,088 za hewa ya kaboni. Kwa hiyo, mnamo Oktoba 2016, mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakaongeza katika Mkataba ule kifungu cha kupunguza gesi hizo nazo. Kwa nchi nyingi zinazoendelea, matumizi yaliwekewa kikomo mwaka 2024. Yatapunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2029, na hatua kwa hatua hadi asilimia 80 mwaka 2045.

Maana yake kwa mwanachama ni hii. Mkataba haumlazimishi mtu kuutupa mtambo alio nao. Hupunguza gesi mpya inayoingia sokoni, na kitu kikiadimika bei yake hupanda. Tanki la maziwa au chumba cha baridi hutazamiwa kufanya kazi miaka 15 au zaidi. Chama kikinunua leo mtambo kwa bei ndogo kwa sababu tu unatumia gesi inayoondolewa, wanachama watalipa tofauti hiyo kila mara gesi itakapovuja. Badala yake zimekuja R-32, propani iitwayo R-290, hewa ya kaboni yenyewe iitwayo R-744, na amonia ambayo viwanda vimeitumia tangu zamani. Baadhi yake huwaka moto, nyingine ni sumu, na nyingine hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana. Fundi anahitaji kuziona zikifanya kazi na kuuliza juu yake kabla ya kuzishika, na maonyesho ni mahali pazuri pa kuanzia.

AINA ZA MAONYESHO

Kwanza, yapo maonyesho ya jumla ya hapa nyumbani. Sabasaba hufanyika Dar es Salaam kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, katika uwanja wa Mwalimu J. K. Nyerere, Barabara ya Kilwa. Nane Nane hufanyika mwanzoni mwa Agosti katika viwanja vya kanda mbalimbali, na kilele chake ni tarehe 8. Majirani zetu wa Kenya wana maonyesho ya kimataifa ya Nairobi, katika uwanja wa Jamhuri. Humo mitambo ya kupoza ni sehemu ndogo tu kati ya bidhaa nyingi. Lakini yana faida kubwa: muuzaji anayesimama bandani aghalabu ana duka ambalo mjumbe anaweza kulifikia tena mwezi ujao, na nauli ni ya basi.

Pili, yapo maonyesho ya fani yenyewe huko ng'ambo. Marekani ina AHR Expo, iliyoanza mwaka 1930, ambayo hufanyika kila mwaka kwa siku tatu mwezi wa Januari au Februari, na huhama mji: mwaka 2024 yalikuwa Chicago, mwaka 2025 Orlando. Ujerumani ina Chillventa, katika mji wa Nürnberg, mwezi wa Oktoba kila baada ya miaka miwili. Hayo ni ya majokofu, viyoyozi na pampu za joto. Ujerumani pia ina ISH, katika mji wa Frankfurt, yanayohusu zaidi maji na kupasha nyumba joto. Italia ina maonyesho ya Milano yaitwayo Mostra Convegno Expocomfort.

Tatu, yapo ya nchi za Ghuba, kama yale ya ujenzi yaitwayo Big 5, yanayofanyika Dubai mwishoni mwa mwaka. Wafanyabiashara wengi wa pwani yetu wanaifahamu njia ya Dubai, na joto la huko huwalazimisha watengenezaji kuleta mitambo inayostahimili jua kali.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUUKUBALI MWALIKO

Kamati ya chama na ijiulize kwanza: katika miaka miwili ijayo tuna kazi gani? Chama cha mafundi chenye mikataba ya viyoyozi vya maofisi hakihitaji maonyesho yale yale yanayokifaa chama cha wavuvi kinachotafuta mtambo wa barafu. Kazi ikishatajwa kwa maneno machache, mambo yafuatayo yapimwe:

(a) Umeme. Umeme wetu wa Afrika Mashariki una mizunguko 50 kwa sekunde, na wa Marekani una mizunguko 60. Mota iliyoundwa kwa mizunguko 60, ikifungwa kwetu, hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, na nguvu ya kupoza hupungua karibu kwa kiasi hicho. Volti zisipolingana na mwendo huo, mota hupata joto na mwishowe huungua. Hivyo Marekani panafaa kwa kujifunza ufundi na kuona vifaa vya kazi, lakini mtambo wa huko usisifiwe kabla ya kuuliza iwapo unatengenezwa pia kwa umeme wa mizunguko 50. Ulaya na nchi nyingi za Ghuba hutumia mizunguko 50 kama sisi.

(b) Joto la mahali. Nguvu ya kiyoyozi inayoandikwa katika vitabu vya mauzo kwa kawaida hupimwa joto la nje likiwa nyuzi 35. Kipo kipimo kingine, cha nyuzi 46, kwa ajili ya nchi zenye joto kali. Mtambo utakaofungwa chini ya bati, ukutani panapopigwa na jua la alasiri, usihukumiwe kwa kipimo cha kwanza.

(c) Vipuri na mafundi. Je, watengenezaji watakaohudhuria wana mawakala katika nchi yetu au nchi jirani? Orodha ya waonyeshaji hutolewa mapema; isomwe kabla ya kulipa nauli.

(d) Gharama yote. Haitoshi kuhesabu tiketi ya ndege. Viza, malazi, chakula, na siku ambazo fundi hatakuwa kazini vyote huingia katika hesabu. Jumla hiyo ilinganishwe na faida inayotarajiwa. Chama kidogo kisione haya kuamua kwamba mwaka huu Nane Nane inatosha. Na pale safari ya mbali inapostahili, vyama viwili au vitatu vyenye haja moja viungane kugharimia wajumbe wawili.

NANI AENDE

Hapa ndipo fedha nyingi za ushirika hupotea. Safari si zawadi ya utumishi mrefu, wala si haki ya cheo. Akienda mwenyekiti peke yake, atarudi na vipeperushi ambavyo hana wa kumfafanulia. Akienda fundi peke yake, anaweza kuvutiwa na mtambo bila kuuliza masharti ya malipo. Inafaa waende wawili: fundi anayeshika spana kila siku, na mtu mmoja anayejua hesabu za chama. Wote wawili wathibitishwe na kikao, na majina yao yaingizwe katika kumbukumbu pamoja na sababu za kuchaguliwa.

MASWALI YAANDIKWE NYUMBANI

Tuchukue mfano wa chama cha wafugaji kinachopokea lita 2,000 za maziwa kila asubuhi, na kinataka tanki la kuyapoza hadi nyuzi 4. Mjumbe akifika bandani na kuuliza, "Mna tanki la lita 2,000?", ataonyeshwa, na litakuwa zuri la kung'aa. Lakini matanki hayo hugawanywa kwa idadi ya mikamuo. Tanki la mikamuo miwili hupoza nusu ya ujazo wake kwa mara moja. La mikamuo minne hupoza robo tu, kwa kuwa liliundwa kwa ajili ya mfugaji anayejaza kidogo kidogo kwa siku mbili. Lita zote 2,000 zikimiminwa kwa pamoja katika tanki la mikamuo minne, mtambo uliopangiwa kupoza lita 500 kwa saa tatu utahitaji, kwa hesabu nyepesi, karibu saa kumi na mbili. Muda wote huo vijidudu vinazaliana, na kiwanda kinaweza kuyakataa maziwa. Hasara itamwangukia mfugaji aliyekamua alfajiri.

Alama ya tanki huandikwa kwa ufupi, kwa mfano 2BII. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya mikamuo. Herufi ni joto la mahali: A ni nyuzi 38, B ni 32, C ni 25. Namba ya Kirumi ni muda wa kupoza: I ni saa mbili na nusu, II ni saa tatu, III ni saa tatu na nusu. Mjumbe anayeijua alama hiyo hawezi kuvutwa na mng'ao wa bati. Basi swali lake liandikwe hivi: "Tunapokea lita 2,000 kwa saa mbili, mahali penye joto la nyuzi 32, umeme hukatika mara kwa mara, mtatupa nini?" Aulize pia iwapo joto linalotolewa kwenye maziwa laweza kupasha maji ya kuoshea vyombo, maana kupoza na kupasha joto ni kazi mbili za mtambo mmoja.

KATIKA MABANDA

Mjumbe na ajisajili mapema, na siku ya kwanza aanze na mabanda aliyoyapanga, kabla ya miguu kuchoka. Katika kila mtambo asome kibati cha kiwandani na kunakili volti, mizunguko, aina ya gesi na uzito wake. Aombe kifuniko kifunguliwe, atazame kama kompresa yafikika bila kung'oa mtambo mzima. Aulize bei ya kompresa na ya bodi ya umeme zikiuzwa peke yake, na zitachukua siku ngapi kufika. Muuzaji asiyeweza kujibu hilo amekwisha kujibu.

Semina za ufundi zisikoswe, hasa za gesi zinazowaka. Na mafundi wote wakumbuke: propani haitiwi katika mtambo wa zamani uliotengenezwa kwa R-22. Swichi na viungio vya mtambo huo havikuundwa kuzuia cheche, na gesi ikivuja yaweza kulipuka.

Mjumbe asitie sahihi mkataba wowote bandani, wala asitoe arubuni. Punguzo "la siku ya mwisho" ni chambo. Achukue bei kwa maandishi, na aeleze wazi kwamba uamuzi ni wa chama.

BAADA YA KURUDI

Taarifa iandikwe ndani ya wiki mbili, kwa lugha ambayo kila mwanachama ataielewa. Ionyeshe maswali yaliyotumwa, majibu yaliyopatikana, bei, na fedha zilizotumika pamoja na stakabadhi zake. Isomwe mbele ya kamati, kisha mbele ya mkutano mkuu. Fundi naye atenge siku ya kuwafundisha wenzake aliyojifunza, na nakala ya taarifa iletwe Chama Kikuu ili vyama vingine visilipe nauli ya pili kwa swali lile lile.

Ndugu wanachama, fedha ya safari imetokana na makato ya maziwa, samaki na jasho la mafundi. Mwanachama aliyebaki nyumbani ana haki ya kuuliza ilileta nini. Chama kilichochagua maonyesho kwa kazi yake, kikamtuma anayefaa na kumpa maswali, kitakuwa na jibu la kumpa.