Nyumba ya Bibi: Kutengeneza Nyumba ya Zamani kwa Pesa za Kutuma

Kwa karibu miaka miwili, kila Jumatatu hapa ofisini tumekuwa tukipata habari za nyumba moja ya mawe huko Mkomani, Lamu. Ni ya marehemu bibi yake mwenzetu mmoja. Yeye na ndugu zake wanne wameirithi, lakini anayeishi humo ni dada yao mkubwa peke yake. Waliobaki wako Nairobi, Mombasa na Doha, na mchango wao ni kutuma pesa.

Tumewaomba ruhusa tuwasimulie, kwa sababu wateja wetu hutuuliza swali hilohilo mara kwa mara: nikiwa mbali, nitajuaje kwamba pesa niliyotuma imefanya kazi niliyoitumia? Nyumba ya zamani inaongeza swali la pili. Utaitengenezaje iwe ya kukalika leo, bila kuifanya ifanane na nyumba nyingine yoyote ya mjini?

Simiti ya kwanza

Shida ilianzia ndani, kile chumba cha mwisho kabisa cha nyumba ya Kiamu, ambako ukuta mzima umepambwa kwa zidaka. Ni vishubaka vya plasta, safu juu ya safu, ambamo bibi alipanga sahani zake za kaure. Chini ya ukuta ule plasta ilikuwa imevimba, na ukiigusa inamwagika unga.

Ndugu wakachanga Sh 85,000 na kumtumia dada zote kwa siku moja. Fundi aliyepatikana haraka akabandua chokaa ya zamani hadi usawa wa kiuno, akapiga plasta ya simiti na kumalizia kwa rangi ya mafuta. Siku nne tu, kazi imekwisha. Picha zikarushwa kwenye kundi la familia na kila mtu akashukuru.

Masika yakaingia. Kufikia Juni rangi imefanya malengelenge, na unyevu ambao miaka yote uliishia magotini umepanda hadi safu ya chini ya zidaka. Zidaka mbili zikaanguka.

Hapo maneno kwenye kundi yakabadilika. "Dada, zile pesa zote zilienda wapi?" akauliza kaka wa Doha. Dada alikuwa amezitoa kwa wakala, akamlipa fundi mkononi, akanunua simiti mkononi, akawalipa wenye punda mkononi. Hakuwa na karatasi hata moja. Aliandika mara moja tu kwamba yeye si mwizi, kisha akajitoa kwenye kundi. Miezi miwili nduguze walikuwa wakisikia habari zake kupitia kwa jirani.

Hakuna aliyeiba. Pesa ilikwenda yote ukutani, na ukuta ndio ulioharibiwa nayo.

Nyumba kongwe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Hunyonya maji ya ardhini, na plasta ya chokaa huyaacha yatoke taratibu hewani. Simiti ni ngumu na hubana. Maji yakikosa njia ya kutokea hupanda juu zaidi yakiwa yamebeba chumvi, na ile chumvi inapokauka husukuma plasta na kulimenya jiwe lenyewe. Kwa hiyo simiti iliyowekwa kuponya ukuta iliufungia maji ndani. Rangi ya mafuta ikamalizia.

Mzee wa chokaa

Mwenzetu alisafiri mwenyewe kwenda kumwomba dada yake radhi. Nadhani hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko ujenzi wote, lakini si letu kulieleza. Walipokaa sawa, dada alimleta mzee mmoja ambaye amefanya kazi ya chokaa tangu ujana wake. Mzee akagonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akawaambia: "Wanangu, mimi sitaanza kupaka kitu. Kwanza tuutoe huu uchafu, halafu ukuta ukae ukauke. Mkiwa na haraka, tafuteni mwingine."

Simiti ilitolewa kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, ili jiwe lisivunjike. Ukuta ukaachwa wazi hadi mvua za vuli zilipopita. Wakati huo chokaa ilikuwa imeloweshwa kwenye pipa. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika vizuri. Kisha ikapakwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikiachwa siku kadhaa kabla ya kufuata nyingine. Zidaka mbili zilizoanguka zikafinyangwa upya kwa kufuata zile zilizosalia.

Ukinunua chokaa dukani, sema ni ya kujengea. Ile ya kilimo, ya kutibu udongo wa shamba, ni kitu kingine. Mchanga nao uwe safi usio na chumvi, na matuta ya Shela yaachwe yalivyo, maana ndiyo yanayohifadhi maji ya kunywa ya kisiwa.

Polepole ya mzee iliwafaa pia mifukoni. Kazi ya simiti ilitaka Sh 85,000 kwa mkupuo. Kazi ya chokaa iligharimu zaidi, karibu mara mbili, lakini ilijigawa yenyewe: kutoa simiti, kusubiri, tabaka la kwanza, la pili, zidaka. Kila hatua ikawa na bei yake, na hakuna aliyelazimika kukopa.

Safari hii walilipa tofauti. Vifaa vililipiwa moja kwa moja kwenye till ya duka, si kupitia kwa fundi wala kwa dada. Ujira wa mzee ulitumwa kwa namba yake mwenyewe, hatua ikiisha, baada ya dada kutuma picha. Kabla ya kubonyeza, anayetuma alisoma jina linalotokea kwenye simu na kulilinganisha na la mzee. Ujumbe wa malipo ulinakiliwa kwenye kundi pamoja na maneno mawili matatu: "tabaka la kwanza", "mifuko ya chokaa". Wenye punda wengine walitaka taslimu, basi dada alitoa kiasi hichohicho tu na kuandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi, taarifa ya akaunti ikawekwa kando ya daftari. Kaka wa Doha hakuuliza tena.

Jaribio la wizi lilikuja hata hivyo. Jioni moja kaka huyo alipata ujumbe: "Ni mimi fundi, ile line imeharibika, tuma ya tabaka la pili kwa hii." Jina la kazi lilikuwa sahihi kabisa. Akampigia mzee kwa namba ya zamani. Mzee akapokea, yuko msikitini anangoja swala ya isha. Inaonekana mtu aliona picha zilizowekwa hadharani. Tunasisitiza hili kwa kila mteja: namba ikibadilika, piga ile ya zamani kwanza. Na ukishatuma kimakosa, tupigie papo hapo, maana pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni vigumu sana.

Dari, tangi na nyaya

Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo hubomoi wala hubadilishi kabla ya kupata kibali. Anza na ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyoko Lamu, na ya kaunti. Ada yoyote ilipwe kwa namba rasmi iliyoandikwa kwenye ankara. Afisa akikupa namba yake binafsi, omba ankara.

Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Upana ni kama mita mbili na nusu hadi tatu. Wengi hutamani kuvunja ukuta wapate sebule kubwa. Ukuta huo umebeba dari. Ndugu hawa waliuacha, wakabadilisha boriti tatu tu zilizooza kwenye ncha, wakinunua kwa muuzaji mwenye leseni ya Huduma ya Misitu, kwani mikoko haikatwi kiholela.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya tangi la maji. Kaka wa Mombasa alitaka la lita 1,000 juu ya dari. Maji hayo peke yake ni kilo 1,000, uzito ambao boriti za zamani hazikuwekewa. Likawekwa chini uani, na pampu ndogo ikapandisha maji. Nyaya za umeme zilipitishwa kwenye mabomba membamba juu ya plasta, pembeni, badala ya kuchimba ukuta. Si nzuri sana kwa macho, kusema kweli, lakini siku moja zinaweza kutolewa bila kuacha kovu. Choo ni cha kisasa kabisa. Hakuna aliyekitetea cha zamani.

Mzee alikubali Sh 15,000 za ujira wake zibaki hadi masika yapite. Mwezi wa Julai dada alipitisha kiganja ukutani, chini hadi juu, huku mwenzetu akitazama kwa video. Pakavu, isipokuwa kona moja karibu na mlango, ambayo mzee anasema atairudia. Pesa zake zilitumwa asubuhi ileile, zote. Sahani za bibi zimerudishwa kwenye zidaka, na michango ya jiko inaanza Januari.