Kwa nini mikopo ya chuo Rwanda huwatanguliza wahandisi

Kila msimu wa mikopo ya chuo, sisi Wanyarwanda wa ughaibuni tunaosaidia kusomesha wadogo zetu huulizana jambo moja: mbona mtoto aliyechaguliwa uhandisi anapewa kipaumbele, na wa historia anaambiwa asubiri? Chanzo chake kinaonekana ukifika Kiyovu, mjini Kigali.

Upande wa Camp Kigali palikuwa na chuo cha maofisa wa jeshi. Mwaka 1997 majengo yake yakawa KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia. Jirani limeachwa jengo lenye matundu ya risasi, na mbele yake nguzo 10 za mawe, moja kwa kila askari wa Ubelgiji aliyeuawa hapo Aprili 7, 1994. Mikato kwenye kila nguzo ni idadi ya miaka aliyoishi. Wanafunzi wa kwanza wa KIST walisomea ujenzi na umeme karibu na mahali hapo, katika nchi ambayo wataalamu wake wengi walikuwa wameuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994 au wamekimbia. Hazina ilikuwa tupu. Ukiwa na fedha ya kusomesha wachache, unaanza na atakayerudisha maji bombani, na mimi simlaumu aliyeamua hivyo. Dira ya 2020, mpango wa maendeleo wa taifa uliotolewa mwaka 2000, ikaweka sayansi na teknolojia mbele. Mwaka 2013 vyuo vya umma, KIST kikiwemo, vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na baadaye mikopo ikakabidhiwa Benki ya Maendeleo, BRD.

Mwanzoni mambo hayakuwa hivi. Chuo kikuu cha taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, mkuu wake wa kwanza alikuwa padri Georges-Henri Lévesque, Mdominiko wa Québec aliyeanzisha shule ya sayansi ya jamii Université Laval mwaka 1938. Sayansi ya jamii ikawa miongoni mwa vitivo vya awali, sambamba na udaktari na ualimu.

Lakini Butare hiyohiyo, mwaka 1973, wanafunzi Watutsi walifukuzwa. Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo hicho, akawa mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM, iliyochochea mauaji ya kimbari. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2003, na rufaa ya 2007 ikambakishia kifungo cha miaka 30. Anayesema kusoma historia hakumfanyi mtu kuwa mwema anasema kweli. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya serikali kulipia somo hili lifundishwe vizuri, mwanafunzi akidai ushahidi na kumbishia mwalimu. Baada ya 1994 somo la historia lilisimamishwa shuleni kwa miaka mingi, kwa kuwa hapakuwa na simulizi ambayo mwalimu angeweza kusimama nayo mbele ya watoto. Kazi ya kuiandika upya ilihitaji watu waliofunzwa kusoma nyaraka za wakoloni na kupima maneno ya mashahidi. Hakuna kampuni itakayomlipia kijana miaka minne ya kujifunza kazi hiyo.

Kiswahili nacho kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na walimu wake lazima wasomeshwe na mtu. Uhandisi usipunguziwe hata faranga. Ninachoomba ni fungu la mikopo la historia, lugha na falsafa, lisilopimwa kwa mshahara wa kwanza wa mhitimu.